Mikono ya Chumba cha Simu

Treni ilisimama kabla ya kufika, kama mtu aliyesahau anachokwenda kufanya. Mvua ilikuwa imesomba daraja la mbele, na abiria wakaambiwa wasubiri siku tatu, labda nne, kila mmoja ajitafutie pa kujilaza. Miongoni mwao alikuwemo mgeni mmoja ambaye kwake kukwama hakukuwa jambo geni. Alishakwama katika nchi nyingi, akanung'unika kwa lugha nyingi, na mwishowe akajiwekea mazoea: akitupwa kwenye mji asioujua, huuliza kwanza makumbusho ya mji yako wapi. Hakutaka yale majumba makubwa yenye nguzo na foleni. Alitaka yale madogo, ambayo ukiyaulizia watu hukutazama kama unayetafuta duka lililofungwa zamani.

Alipotezwa mara mbili, akaelekezwa mara ya tatu, akafika na viatu vimejaa maji kwenye jengo la zamani la posta nyuma ya mahakama. Ndani ya mlango, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu la kazi alikuwa akisogeza ndoo kwa ncha ya mguu, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka tone la kutoka darini likaangukia katikati.

"Karibu," mzee akasema bila kuinua macho. "Umekuja kutazama au umekimbia mvua?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

"Afadhali wewe mkweli. Wengi husema wamekuja kutazama, halafu mvua ikikatika, nao wanakatika." Akamsikiliza mgeni akijibu neno moja mawili, akatabasamu. "Kiswahili chako kimetembea."

"Kimetembea kwa miguu. Ndiyo maana kinachechemea."

Mzee akacheka, cheko fupi la mtu aliyekuwa hajacheka siku kadhaa, akampa kitabu cha wageni atie sahihi. Ilikuwa Jumatatu. Wiki ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa jengo lile, na kwa mzee mwenyewe kazini; makumbusho yalikuwa yanahamia jengo jipya.

Mji mzima ulimwita Mzee Namba. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Namba akiwa amekasirika. Aliingia jengo lile kijana, mfagiaji wa posta, wakati chumba cha juu bado kinaunganisha simu za mji mzima. Posta ilipohama na baraza la mji likaamua kufungua makumbusho, yeye alibaki na jengo kama kitasa kinavyobaki na mlango. Mtunzaji wa kwanza, bwana mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, aliona namna anavyofagia pembeni pembeni asikokagua mtu, akamwambia aweke ufagio chini akanawe mikono.

Alimfundisha kazi ya kutia namba. Unatafuta kwenye kitu mahali jicho lisipofika upesi: chini ya kitako, ndani ya mpini, nyuma ya bawaba. Unapasafisha. Unapaka vanishi isiyo na rangi, tone moja tu, unaacha ikauke. Juu yake unaandika namba kwa kalamu ya nibu na wino mweusi, unaacha ikauke tena. Kisha unapaka vanishi ya pili juu ya namba. Hivyo namba inakaa miaka na miaka, lakini siku ikibidi itoke, pamba yenye asetoni kidogo inaiondoa na kitu hakipati hata mkwaruzo. Ukimaliza unaingiza kwenye daftari: namba, kitu, kimetoka wapi, nani kaleta, hali yake. Na daftari halifutwi.

Kanuni zilikuwa mbili. Kitu kikishapata namba hakitoki mlangoni bila barua ya makao makuu. Na jambo usilolijua kwa hakika huliandiki, unaacha mstari mtupu.

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Namba aliishi na kanuni hizo mbili kama wengine wanavyoishi na magoti mabovu. Vitu mia sita na kumi na viwili viliingia daftarini, vingi kwa miguu yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa akikaa, anasikiliza habari za marehemu fulani, na mwenye nyumba mwenyewe anaamka anakwenda chumbani kutoa kitu. Kwenye shughuli za watu walimtania. "Bibi, usikae karibu na Namba, asije akakupaka vanishi!" Naye alikuwa akijibu kwamba bibi bado anatumika, makumbusho hayapokei vinavyotumika.

Mchana ule ule, mgeni akiwa anakausha soksi zake kwenye kiti, aliingia mwanamke mnene mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Hakuangalia kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la tatu, akainama mbele ya pasi ya mkaa.

"Namba! Nani kaigusa?"

"Nimefuta vumbi, dada yangu."

"Mpini ulikuwa umeelekea dirishani."

"Si nimefuta vumbi?"

"Ukifuta, rudisha. Mama hakupenda kupewa kisogo na mwanga." Alisubiri mpaka pasi ikageuzwa. "Na huko jengo jipya, mtampeleka? Nasikia wanapeleka vya wakubwa tu. Vyetu wanavitupa."

"Nani kakwambia?"

"Mji una midomo."

"Pasi ina namba, dada. Chenye namba hakitupwi."

Mwanamke akamtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa, akaondoka bila kuaga. Mzee Namba akaeleza kwamba mama yake mwanamke yule alipiga pasi sare za shule za mji mzima kwa kile chuma, na akafa bila kupigwa hata picha moja. "Ana ile tu. Anakuja kumsalimia kila Jumatatu."

Kisha akampandisha mgeni ngazi, akamfungulia Chumba cha Simu.

Ubao wa kuunganishia simu ulichukua ukuta mzima, matundu mamia, nyaya zimening'inia kama mkia wa farasi aliyechoka. Mbele yake, ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cheusi, ilikaa mikono miwili ya plasta. Mikono ya msichana. Wa kushoto ulikuwa wazi kidogo, wa kulia umeshika ncha ya waya. Mgeni alishaona mikono ya mawe na ya shaba katika majumba mengi, lakini hii ilimfanya ainame. Kucha zilikuwa zimetafunwa. Mistari ya vidole ilionekana. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama kinachotaka kuchungulia kitu peke yake.

"Alibanwa na mlango wa kabati," Mzee Namba akasema. "Akiwa na miaka sita. Mama yake alilia kuliko yeye."

Mgeni hakuuliza. Alishajifunza katika safari zake kwamba swali likija mapema huziba njia. Akakaa kwenye benchi, na mzee, aliyezoea kusikiliza habari za wengine, akajikuta anatoa yake.

Walipokuwa wanaandaa chumba kile, walitaka sanamu ya mpokea simu. Fedha ya kununua haikuwepo, akaitwa fundi plasta wa mtaani, yule aliyenakshi dari za maduka. Mwili aliuunda kwa mbao na magunia, uso akaujaribu mara tatu mpaka ukafanana angalau na mtu mwenye mafua. Mikono ikamshinda. Kila alichotengeneza kilifanana na glavu. Ndipo siku moja akaingia kitindamimba wa Mzee Namba, ana miaka kumi na tisa, kaleta hotipoti ya chakula cha baba yake. Fundi akaitazama mikono iliyoshika hotipoti, akamwomba.

"Itauma?" msichana akauliza.

"Itakuwasha tu."

Wakamkalisha, wakampaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, wakamzamishia mikono kwenye plasta laini. Nusu saa hawezi kujikuna pua. Kila aliyepita alimkuna kwa maelekezo: juu kidogo, hapana, huko ni jicho. Alicheka mpaka fundi akamfokea kwamba anatikisa kazi. Na kalibu ile ya kumiminia mikono ya sanamu ilipofunguliwa na mikono yake ikatoka safi, akamgeukia baba yake. "Baba, mimi natafuta kazi mwaka wa pili huu. Mikono yangu imeajiriwa kabla yangu!"

Kazi aliipata mwaka uliofuata, kwenye duka la vitabu. Akaifanya miaka miwili. Kisha akaugua siku tisa.

Mzee Namba hakusema zaidi kuhusu siku zile tisa. Alisema tu kwamba picha zake nyumbani zilikuwa nne, na katika zote nne amesimama mbali, na jua linamchoma machoni. Mkewe aliishi mwaka na nusu baada yake. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa wageni, mzee alipanda juu na brashi ya manyoya laini akafuta vumbi kidole baada ya kidole. Kumi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kazi ile hampi mtu mwingine.

Kisha, miaka minane iliyopita, ikaja barua ya makao makuu. Masanamu yote ya zamani yameota ukungu, yanatisha watoto, yachomwe. Vitu halisi vyenye namba vibaki. Sanamu haikuwa na namba. Sanamu ilikuwa fanicha, kama stuli, kama ndoo. Mtunzaji mkali mwenye miwani ya kamba alikuwa ameshafariki, na mkurugenzi wa wakati huo hakuwa mtu wa kuambiwa mambo ya moyoni. Saa ya chakula cha mchana, watu wametoka, Mzee Namba alipanda juu na chupa yake ya vanishi. Aliichomoa mikono kutoka kwenye mbao. Akasafisha mahali padogo ndani ya kifundo cha mkono, upande wa mshipa. Akapaka, akasubiri, akaandika, akasubiri, akapaka.

"Nilimtia mwanangu namba kama kijiko," akasema.

Daftari nalo lilitaka kujazwa. Kimetoka wapi? Angeandika ukweli, mkurugenzi angeuliza tangu lini fanicha inaingia daftarini. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaandika jambo lisilokuwepo, kwa mwandiko ule ule wa kunyooka: *Mikono ya plasta, jozi. Ilitumika katika ofisi ya simu kufundishia wapokea simu wapya namna ya kushika waya.* Aliyeleta: ofisi ya simu. Jioni sanamu iliyobaki ikachomwa uani, wigi na gauni na uso wenye mafua, naye akashika ndoo ya maji pembeni, moto usije ukaruka.

Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya kudondoka kutoka kwenye mabati.

"Sasa nastaafu Ijumaa," mzee akaendelea. "Mwanangu wa kiume ananichukua nikakae kwao, mbali. Na jengo linafungwa. Mkurugenzi wa sasa, binti mwenye roho nzuri, alituita akasema: chochote kisicho na namba, chukueni mkumbuke. Mlinzi kachukua saa ya ukutani. Karani kachukua viti viwili. Mimi nikajipanga nimwombe mikono, nimweleze. Kabla sijafungua mdomo, wakaja wataalamu wa makao makuu kuchagua vya kuhamisha. Wakasoma daftari."

"Wakaiona."

"Wakasema hawajawahi kuona kifaa cha kufundishia cha namna ile. Wanasema huenda ni jozi pekee iliyobaki." Alitamka maneno yale kama mtu anayetema mbegu. "Haiendi hata jengo jipya. Inakwenda jumba kuu, mji mkuu. Gari linakuja Ijumaa. Yule binti alipanda ngazi mbio kuniletea habari. 'Mzee, mikono yetu imepita!' Akanikumbatia."

Mgeni akaangalia ile namba ndogo, mia tano arobaini na tatu, safi kama ya mashine. "Na hii haifutiki?"

Mzee akatoa mfukoni chupa ndogo ya asetoni. Ilionekana alikuwa akitembea nayo siku kadhaa. "Dakika moja tu. Lakini ya daftarini haifutiki."

"Basi mwambie ukweli. Ukweli ukisemwa, mikono inakuwa fanicha tena. Unaichukua unaondoka nayo."

"Ndivyo ninavyojiambia kila asubuhi."

Jumatano alivaa koti lake zuri. Mkurugenzi alikuwa kwenye ofisi iliyojaa maboksi, penseli nyuma ya sikio, vumbi kwenye paji la uso.

"Mzee wangu, pita, ruka hilo boksi. Kaa popote pasipo na kitu."

"Sikai. Mwanangu, ile mikono..."

"Usiniambie imevunjika!"

"Haijavunjika."

"Umenirudishia roho. Maana hujui jana ilinifanyia nini." Akafunga mlango, akashusha sauti, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Walitaka kukata, mzee. Wameleta orodha: vitu mia nne na zaidi havina karatasi yoyote isipokuwa mwandiko wako. Pasi, masanduku, kengele ya shule, vyote. Wanasema, ushahidi uko wapi? Mzee mmoja kaandika, basi? Nikachukua daftari nikafungua ukurasa wa mikono. Nikawaambia, hii mmeikubali wenyewe, mmeisifu wenyewe. Karatasi yake iko wapi? Haipo. Kuna mwandiko huu huu. Kama mnamwamini hapa, mwaminini kote. Miaka thelathini na moja mtu huyu hajaandika uongo hata mstari mmoja."

Mzee Namba alishika ukingo wa meza.

"Wakatazamana. Kisha yule mkubwa wao akatia sahihi. Vyote vimepita, mzee. Vyote mia sita na kumi na viwili."

"Na pasi?"

"Na pasi." Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi. "Haya, ulitaka kuniambia nini kuhusu mikono?"

Nje mtu alikuwa anaburuta kabati, na miguu yake ilikwaruza sakafu kwa muda mrefu. Mzee Namba alisubiri mpaka ikanyamaza. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika chupa.

"Nilitaka niifunge mwenyewe," akasema. "Wasije wakaifunga hovyo."

"Nani mwingine angeifunga, mzee? Nani?"

Ijumaa asubuhi daraja lilikuwa limetengenezwa na treni ilitangazwa kuondoka saa kumi. Mgeni alikwenda kuaga, akamkuta Mzee Namba kwenye Chumba cha Simu na sanduku la mbao, pamba, na karatasi laini. Akaambiwa anawe mikono. Akapewa kazi ya kushika karatasi.

Mzee aliifunga kama inavyotakiwa. Alijaza pamba katikati ya vidole, si kwa kubana, kiasi cha kuzuia kutikisika. Alipofika kidole kilichopinda akasimama, akatengeneza kitanda chake peke yake, akakilaza ubavu. Wa kulia ulipokwisha kuzungushiwa karatasi, aliushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayempasha mwingine joto. Kisha akaulaza.

"Unajua ninachoogopa?" akauliza. "Kule wana mafundi wazuri. Wataona kidole kimepinda, watadhani kilivunjika. Watakinyoosha."

Akafungua daftari ukurasa wa namba mia tano arobaini na tatu. Safu ya mwisho, ya hali ya kitu, ilikuwa tupu miaka minane. Akachovya nibu, akaandika polepole, kisha akaandika maneno yale yale kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko: *Kidole kidogo cha kulia kimepinda. Ndivyo kilivyo. Kisinyooshwe.*

Aliangalia mstari ule mpaka wino ukakauka. Alikuwa hajaandika chochote cha kweli zaidi katika ukurasa ule.

"Mgeni wangu, treni yako saa ngapi?"

"Saa kumi. Lakini ipo nyingine kesho."

"Gari la makao makuu limechelewa. Mkurugenzi yuko jengo jipya anapokea makabati. Mwanangu ananisubiri nje tangu saa tatu, na tuna safari ndefu." Akakohoa. "Sanduku haliwezi kukaa peke yake. Kanuni ya kazi."

"Nitakaa nalo."

"Hutalijua gari likifika."

"Nitawauliza wanakuja kuchukua nini."

"Waulize." Akavua koti la kijivu, akalikunja, akalitundika kwenye msumari uliokuwa wake. Chupa ndogo aliiacha mfukoni mwa koti. Alisimama mbele ya sanduku, akagusa kifuniko kwa kiganja, akaondoa unyuzi wa pamba ambao haukuwepo. Kisha akampa mgeni mkono, na mgeni akahisi vidole vikavu, vyepesi, vyenye weusi wa wino kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Ukipita mji mkuu siku moja," mzee akaanza kusema. Hakumaliza. Akashuka.

Mgeni akakaa kwenye benchi, sanduku magotini. Chini alisikia ngazi zikimhesabu mzee mpaka ya mwisho, kisha hatua zake kwenye sakafu iliyobaki tupu, kisha mlango mkubwa. Hakufika mbali. Sauti ya kike ikamzuia kizingitini.

"Namba! Nimeambiwa mnafunga leo. Bado yupo?"

"Yupo, dada. Kabati la tatu. Nimemgeuzia dirishani."

"Na huko jengo jipya?"

"Anakwenda."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ingia umuage."

Mwavuli ukafungwa. Viatu vya mwanamke vikaelekea kabati la tatu, moja kwa moja. Nje, mlango wa gari la mwanawe mzee ukagongwa mara mbili kabla ya kushika, na injini ikawaka. Mgeni alilisikiliza gari mpaka kona ya mahakama, hadi likawa halisikiki tena, na mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.